Mbwa Anayesubiri Mwenyewe

Ateremshwe dakshundi mmoja kwenye diko la Mkokotoni asubuhi, vyombo vinapofunga na mnada wa samaki umekwisha kuanza, na kazi itasimama kidogo. Watu watautazama mwili mrefu uliobebwa na miguu mifupi, kifua kinachokaribia kugusa mchanga, masikio yaliyolala, na pua ndefu inayomtangulia kila aendako. Watoto watasema ni nguchiro. Halafu atabweka, kwa sauti nzito ya mbwa mwenye kimo mara tatu ya chake, na waliokuwa wakicheka watarudi hatua moja nyuma.

Mbwa huyu wa asili ya Ujerumani si wa kuonekana Unguja kila siku, ingawa duniani ni miongoni mwa mbwa wanaopendwa mno. Nami nampenda. Nampenda kwa ujasiri usiolingana na kimo chake, kwa ukaidi wake, na kwa namna anavyomchagua mtu mmoja katika nyumba akamfuata chumba hadi chumba. Ukurasa huu ni wa kumsifu. Lakini siwezi kumsifu mbwa wa mbali nikamruka wa karibu, yule mbwa koko anayelala kivulini chini ya ngalawa iliyopandishwa pwani, hana jina wala mwenyewe. Ninayotaka kuyasema juu ya mmoja yanamhusu na mwingine: anayetaka mbwa, wa mbegu au wa mtaani, ampokee kwanza yule aliyekwisha kuzaliwa na anayesubiri kwenye kituo cha kulea wanyama, kabla hajatoa pesa kununua.

Tuanze na heshima aliyowahi kupewa dakshundi. Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 inakumbukwa Afrika Mashariki kwa mbio. John Akii-Bua wa Uganda alizimaliza mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Kipchoge Keino wa Kenya akachukua dhahabu ya mita 3000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo sana, na vijana wa Kenya wakashinda pia mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Wakati huo wote, kwenye mabango, vikombe na midoli iliyouzwa mjini Munich, alikuwapo dakshundi. Aliitwa Waldi. Alichorwa katika ofisi ya msanifu Otl Aicher, kichwa na mkia rangi ya samawati, kiwiliwili mistari ya rangi mbalimbali, naye ndiye mnyama wa kwanza kuwa alama rasmi ya Olimpiki ya kiangazi. Hata njia ya marathoni ilipangwa hivi kwamba ukiitazama kwenye ramani ya mji, unamwona Waldi, kichwa chake kikielekea magharibi. Wenyeji wa michezo walieleza kuwa walimchagua kwa sababu ana sifa za mwanamichezo: ustahimilivu, kung'ang'ania, na wepesi.

Sifa hizo hakupewa kwa kupendezesha maneno. Umbo la dakshundi ni umbo la kazi. Wawindaji wa Ujerumani walimzalisha kwa vizazi vingi ili aingie ndani ya shimo la melesi, mnyama wa Ulaya aliye katika ukoo mmoja na nyegere wetu, mwenye kucha na meno ya kutisha na asiyependa wageni nyumbani kwake. Miguu ilifupishwa apite shimoni. Kifua kilipanuliwa apate pumzi mahali pasipo na hewa. Nyayo pana ni za kuchimbia. Masikio yanalala yasiingie udongo. Na ile sauti nzito ina sababu: mbwa akiwa chini ya ardhi, mwindaji aliye juu hana njia ya kujua yuko wapi ila kwa kumsikia. Mbwa wa namna hiyo huwa peke yake gizani na adui, hana wa kumpa amri, basi lazima aamue mwenyewe. Wanaolalamika kwamba dakshundi hasikii, kwamba anaitwa mara tano ndipo ageuke, wanalalamikia kitu kile kile kilichomfanya awe na thamani.

Waingereza waliunda klabu ya mbwa hawa mwaka 1881, Wajerumani wenyewe wakafuata mwaka 1888. Leo wako wa manyoya mafupi, wa manyoya marefu na wa manyoya magumu kama waya. Wako wakubwa wenye kilo saba hadi kumi na nne, na wadogo wasiozidi kilo tano. Kaiser Wilhelm II, ambaye serikali yake ilitia saini na Waingereza mkataba wa Heligoland na Zanzibar tarehe 1 Julai 1890, ule uliokata hatima ya visiwa vyetu bila sisi kuulizwa, alikuwa mpenzi mkubwa wa dakshundi. Alipopoteza kiti chake na kukimbilia Doorn, Uholanzi, mbwa walikuwa sehemu ya nyumba yake, na makaburi yao yako huko mpaka leo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, dakshundi wa Uingereza walionekana ni Wajerumani, na wapo waliotukanwa na kupigwa mitaani. Mnyama aliadhibiwa kwa asili ambayo hakuichagua, na watu waliofanya hivyo walijiona wazalendo.

Sasa nije kwenye mgongo, maana hapo ndipo sifa na huzuni za dakshundi zinapokutana. Mwaka 2009 watafiti walichapisha ugunduzi kwamba ufupi wa miguu ya mbwa hawa unatokana na nakala ya ziada ya jeni moja, iitwayo FGF4, iliyojipachika mahali pasipo pake na kuharakisha ukomaaji wa gegedu, kwa hiyo mifupa ya miguu huacha kurefuka mapema. Nakala nyingine ya jeni hiyo hiyo, iliyogunduliwa baadaye, huziharibu zile sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo. Sahani hukauka ingali mapema, kisha siku moja mbwa anaruka kutoka kwenye kiti, sahani inapasuka, inakandamiza mishipa ya fahamu, na miguu ya nyuma inakufa. Takriban dakshundi mmoja katika kila wanne au watano hupata maradhi haya maishani mwake. Upasuaji upo, lakini Ulaya na Marekani gharama yake ni maelfu ya fedha zao, na ndiyo maana dakshundi wengi huishia kwenye vituo vya kulea wanyama: mwenyewe alimpenda alipokuwa kitoto, akamshindwa alipougua.

Kisa cha Lump kinaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda vingine. Lump alikuwa dakshundi wa mpiga picha wa Kimarekani David Douglas Duncan. Mwaka 1957 Duncan alikwenda kumtembelea mchoraji Pablo Picasso nyumbani kwake Cannes, kusini mwa Ufaransa, akiwa na mbwa wake garini. Lump akateremka, akaikagua nyumba, akaamua kubaki. Mwaka huo huo Picasso alikuwa akiirudia kwa namna yake picha maarufu ya Velázquez, Las Meninas, na pale ambapo mchoraji wa kale aliweka mbwa mkubwa wa kifalme, Picasso aliweka dakshundi. Baada ya miaka kadhaa Lump akapooza miguu kwa maradhi ya mgongo. Daktari wa huko alikata tamaa. Duncan hakukata, alimchukua, akampeleka Ujerumani kwa gari, akamtibisha kwa miezi, na mbwa akasimama tena. Aliishi miaka mingine mingi na akafa mwaka 1973, siku chache tu kabla ya Picasso. Picha zile ziko katika jumba la makumbusho la Picasso mjini Barcelona, na kwa macho yangu kazi kubwa zaidi katika kisa hiki ni ile safari ya kwenda kwa daktari.

Kwa sababu ya mbwa kama Lump, Uingereza na Marekani ziko jumuiya zinazopokea dakshundi peke yao, zikawatibu na kuwatafutia nyumba mpya. Mzanzibari aliyeko London, Toronto au Minnesota anayemtamani mbwa huyu aanzie huko. Wakati wa korona watu waliofungiwa majumbani walinunua watoto wa mbwa kwa wingi, na kazi zilipofunguliwa, wengi wa mbwa hao walionekana mzigo. Dakshundi wa miaka mitano au sita, aliyekwisha kuzoea kujisaidia nje, ana miaka mingine saba au minane ya kukaa nawe, kwani wengi wao hufika miaka kumi na miwili na zaidi. Mtoto wa mbwa anayeuzwa kwenye mtandao, asiyejulikana mama yake wala mgongo wa mama yake, ni bahati nasibu, na anayelipa kwa maumivu si mnunuzi peke yake.

Na aliyeko Unguja? Huku tuna mbwa wetu mwenye umbo la kazi, ila hatujazoea kumtazama hivyo. Mbwa koko ni mwembamba kwa sababu joto halitaki mafuta. Manyoya yake ni mafupi, rangi yake mara nyingi hudhurungi au ya mchanga, masikio yamesimama au yamevunjika ncha, mkia umejikunja. Hakuzalishwa na klabu yoyote. Amechujwa na jua, kupe, minyoo na mawe ya watoto, na aliyebaki hai ni mzima kuliko mbwa wengi wa mbegu: mgongo wake hauna ile hitilafu niliyoieleza, anapumua vizuri, na hula tulivyo navyo.

Kazi pia alikuwa nayo. Wasasi wa Unguja, wale walioingia vichakani na maweni kwa mikuki, nyavu na marungu, hawakuwahi kuingia bila mbwa. Nguruwe walipovamia mihogo, kima walipomaliza kunde, mkulima aliita wasasi, na wasasi waliita mbwa wao kwa majina. Nasisitiza majina. Katika mashamba ya Kaskazini, watu waliojua umuhimu wa mbwa hawakumwita "we mbwa". Walimtambua kwa sauti akiwa mbali, walijua ni yupi anayefuata harufu na yupi anayekurupuka tu, na walimpa fungu lake kabla hawajagawana. Uhusiano huo hauna tofauti na ule wa Mjerumani na dakshundi wake pembeni ya shimo la melesi. Kilichobadilika ni kwamba vichaka vimepungua, usasi umepungua, mbwa wamebaki.

Nimemtazama mbwa mmoja pale Mkokotoni kwa muda mrefu. Jike, hudhurungi, sikio la kushoto limeliwa na kidonda cha zamani, kupe wamejipanga ndani ya sikio la kulia mithili ya shanga. Hakukimbilia kila chombo kilichofika. Aliviacha viwili vikapita, wenyewe wakateremsha dema na matenga, hakujinyanyua. Cha tatu kilipoonekana kikitokea upande wa Tumbatu, akasimama, akajinyoosha, akaenda kukaa hatua kama kumi kutoka maji yanapofika. Mzee mmoja akatupa utumbo wa samaki bila kumtazama, na yeye akaula bila kumkaribia. Walikuwa wamekubaliana, wale wawili, kila mmoja kukaa upande wake. Lakini walijuana. Yule mbwa alikuwa amekwisha kumpata mtu wake. Mtu ndiye hakuwa amesema.

Najua kinachomzuia. Wengi wetu hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na tumefundishwa tangu chuoni kwamba mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hilo ni fundisho la fiqhi na silipingi. Linalonisumbua ni yale tuliyoyaongeza sisi wenyewe juu yake. Najisi ni hukumu ya usafi. Si ruhusa ya kutupa mawe, wala kumwaga maji ya moto, wala kumfunga mnyama kamba ya shingo akiwa mdogo na kuiacha impasue ngozi anapokua. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote tulichosomeshwa.

Yaliyomo ni mengine. Sura ya Al-Kahf inawataja vijana wa pangoni na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini, na wasomaji wa Ijumaa wanampita kila wiki. Sura ya Al-Maida inahalalisha kula kilichokamatwa na wanyama wawindaji waliofundishwa, likitajwa jina la Mwenyezi Mungu. Hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo wa mvua kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha, naye akasamehewa, imo katika Bukhari na Muslim. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu kwa kuwatendea wema wanyama, walijibiwa kwamba ipo kwa kila kiumbe kilicho hai. Iko pia ile hadithi inayoonya kwamba anayeweka mbwa bila haja hupungukiwa thawabu kila siku, nayo yenyewe imewatoa katika onyo hilo mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Wanazuoni wengi wameupima ulinzi wa nyumba kwa kipimo hicho hicho. Na Imamu Malik, mwalimu wa Imamu Shafii, alimwona mbwa hai kuwa tohara. Maulamaa wetu wanayajua haya kuliko mimi. Wangeyasema juu ya mimbari mara moja moja, watoto wangesikia.

Jamaa zetu wa Oman na Imarati wanaona jambo hili kwa macho yao. Mbwa saluki, mwembamba na mwepesi, amekaa na mabedui kwa karne nyingi, akiwinda nao sungura na paa wa jangwani, na mabedui wa Kiislamu wamemlinda na jua na kumpa nafasi hemani bila kuona wamevunja dini. Baghdad ya karne ya kumi ilikuwa na mwanachuoni, Ibn al-Marzuban, aliyeandika kitabu kizima kuwasifu mbwa kwa uaminifu wao kuliko watu wengi wavaao nguo. Mapenzi kwa mbwa hayakuletwa Uarabuni wala Uswahilini na watalii.

Kwa hiyo nyumba ya Kiislamu inayomweka mbwa Unguja hupanga mambo yake hivi: banda lake liko uani au shambani, limeezekwa, sakafu imeinuliwa ili maji ya mvua ya masika yasimfikie. Chombo chake cha chakula na cha maji ni chake peke yake na hakiingii jikoni. Anayemhudumia ana nguo ya kazi, akimaliza anaivua. Mahali pa kusalia na msala viko mbali naye. Ni taratibu nyepesi kuliko za kufuga mbuzi, na jirani hapati la kulalamika.

Jambo la pili linalomzuia yule mzee wa diko ni kichaa cha mbwa, na hapa hofu ina haki yake. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na makadirio ya Tanzania ni kama vifo 1,500, wengi wao watoto. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Miji mingi ya pwani ilijibu kwa risasi na sumu. Haikusaidia, kwa sababu mbwa waliouawa nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa, na mara nyingi wanaouawa kwanza ni wale wapole wanaomkaribia mtu, pengine hata waliokwisha kuchanjwa.

Kinachosaidia kimethibitishwa hapa hapa kwetu, Pemba. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walikifuatilia kisiwa hicho kuanzia 2010 hadi 2020. Waliuliza nani aliumwa, na mbwa gani, aliyetoka wapi, kisha wakasoma na vinasaba vya virusi ili wajue nani alimwambukiza nani. Walikuta minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani kwa pamoja. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka, kisiwa kizima, iliikata yote mitano kufikia Mei 2014. Halafu chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena, mara mbili, kutoka nje ya kisiwa, na mlipuko ukarudi. Chanjo ikarejeshwa, Oktoba 2018 ugonjwa ukazimwa kwa mara ya pili. Sindano anayochomwa mtu aliyeumwa humwokoa yeye, na lazima ipatikane, lakini ugonjwa wenyewe ulikatwa kwa sindano aliyochomwa mbwa. Kwa hesabu ya watafiti hao, kuiweka Pemba bila kichaa kunaziepusha zaidi ya familia 30 kila mwaka na janga la kuumwa na mbwa mgonjwa.

Ukiyatia hayo akilini, mbwa aliyepokewa kutoka kituo cha kulea anabadilika sura. Ni mbwa mmoja zaidi aliyechanjwa. Ili ugonjwa ukose pa kupita, inatakiwa mbwa kama saba katika kila kumi wawe na kinga, na mbwa mwenye mwenyewe ndiye rahisi kumpata siku ya chanjo: ana kamba, ana mtu wa kumshika, ana kadi. Mbwa asiye na mtu humkimbia bwana mifugo, na kumkamata ni kazi ya nusu siku.

Kwetu Unguja jumuiya inayojulikana kwa kazi hii ni ZAASO, inayopokea mbwa na paka waliotupwa, kuwatibu, kuwahasi, na kuwatafutia nyumba, pamoja na kuhudumia punda. Bara, karibu na Arusha, kuna Mbwa wa Africa. Nairobi iko KSPCA, yenye mizizi ya tangu mwaka 1910 ilipoanza kama chama cha Afrika Mashariki nzima. Vituo vya namna hii havitoi mbwa kama sokoni. Utaulizwa kama kiwanja chako kina ukuta au uzio, nani atamlisha ukisafiri, kama wa nyumbani wamekubali, kama una watoto wadogo. Wapo wanaoona maswali hayo ni dharau. Mimi nayaona ni heshima kwa mbwa na kwa muombaji, kwa sababu mnyama aliyerudishwa mara mbili huwa mgumu kumzoesha mtu tena.

Atakuja akiwa amehasiwa, na msione vibaya. Jike mmoja akiachwa anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano au sita kila mara. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa miaka mitatu ndiyo inayojaza fukwe za Nungwi na Kendwa kwa mbwa ambao mgeni wa hoteli huwalisha wiki moja, akapiga nao picha, akapanda ndege. Wakati wa msimu wanashiba. Masika yakiingia na hoteli zikipungukiwa na watu, wanateremka vijijini na njaa yao, na ugomvi na wanakijiji huanzia hapo. Wenye hoteli wanaonufaika na fukwe hizo wana wajibu wa kulipia chanjo na uhasi wa mbwa waliowazoesha mabaki ya jikoni.

Chagua mbwa mzima kuliko kitoto, ikiwa ni mara yako ya kwanza. Tabia yake imeshatulia, utamwona alivyo: mwoga, mchangamfu, mlinzi, mvivu. Mwache akunuse kwanza, ukichuchumaa ubavu, usimtumbulie macho. Chakula chake hakina mambo makubwa: ugali au wali na dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba mikali, maji safi mchana kutwa. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kupe wakaguliwe masikioni na kati ya vidole kila baada ya siku mbili tatu, maana huleta homa inayoua mbwa polepole. Siku chache za kwanza atalala sana au hatalala kabisa, anaweza kukataa kula, anaweza kulia usiku. Usimrudishe kwa sababu ya hayo. Mpe mwezi.

Na mtoto akiumwa na mbwa yeyote, wako au wa jirani, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Watu wa Mkokotoni wana hospitali ya Kivunge karibu. Usingoje kuona mbwa atafanya nini.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumchanja kijana Joseph Meister aliyeraruliwa na mbwa mgonjwa. Mara nyingi chanjo za hadhara hupangwa kuizunguka tarehe hiyo, na ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo ya kuuliza ni lini na wapi. Mbwa wa miezi mitatu na kuendelea huchanjwa, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Mpeleke kwa kamba, mapema, kabla jua halijawa kali na mbwa wengine hawajajaa. Akimaliza kuchomwa, kadi yake ikatiwe mahali pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na tarehe ya mwaka ujao iandikwe pale pale bwana mifugo akiwa bado ameshika kalamu.